Buibui Watandao Duara katika Nyumba za Ngara na Biharamulo

Hapana nyumba katika Ngara wala Biharamulo isiyo na buibui, wala hapana mtu mzima asiyepata kufuta utando usoni atokapo nje alfajiri. Lakini ukimwuliza mtu huyo, "Ni buibui gani aliyetanda hapa?" atakujibu, "Ni buibui tu." Jibu hilo twalijua sana, maana sisi wenyewe tulilitoa kwa miaka mingi, na siku moja likatutia katika kosa tutakalolieleza mahali pake. Nia zetu katika maneno haya ni mbili: kwanza, kuonyesha jinsi buibui watandao duara walivyofuatana na nyumba za nchi hii katika mabadiliko yake, pili, kuonyesha kwamba kumhukumu jirani kabla ya kumtambua ni hatari, hata kama jirani huyo ana miguu minane.

I. Majina

Jina la Kiswahili, buibui, na jina la Kiganda, nnabbubi, husikika kuwa ni ya ukoo mmoja, wala sikio halihitaji kufundishwa. Kinyarwanda husema igitagangurirwa, jina refu ambalo ulimi hulivuka kama mguu uvukao mto juu ya mawe. Jambo hili lina maana kwetu, kwa kuwa nchi hii ni ya lugha nyingi. Kihangaza na Kishubi, zisemwazo Ngara, ni ndugu za karibu za Kirundi na Kinyarwanda; lakini Kisubi na Kizinza, zisemwazo upande wa Biharamulo, huhesabiwa pamoja na Kihaya na Kinyambo. Basi mwalimu akusanyaye majina ya wadudu asitosheke na majibu ya kijiji kimoja, maana akivuka kilima aweza kuwa amevuka mpaka wa ukoo wa lugha.

Neno utando latokana na kutanda, na wazee wa pwani walipofuma nguo walitanda nyuzi zao katika chombo walichokiita kitanda cha mfumi. Kwa hiyo Mswahili asemapo kwamba buibui ametanda, humweka katika chama cha mafundi. Tena vazi jeusi ambalo wanawake wa pwani hujifunika laitwa kwa jina lilelile, buibui, ingawa wengine husema baibui.

Lakini katika hadithi zetu fundi huyu hakupewa kiti cha mbele. Hadithi za werevu katika Afrika ya Mashariki ni za Sungura. Wenye hadithi za buibui ni Waashanti na majirani zao wa Ghana, ambao buibui wao Ananse huwashinda wakubwa kwa hila, R. S. Rattray alizichapisha hadithi nyingi za watu hao mwaka wa 1930, na watumwa waliovushwa bahari walikuwa wamekwisha kuzipeleka hata Jamaika. Mtoto wa Kiashanti hukua akimjua buibui kwa jina na tabia. Mtoto wa kwetu humjua kwa ufagio.

II. Nyumba zetu na wageni wake

Mwaka wa 1861 Waingereza Speke na Grant walipita katika nchi ya Usui, iliyotawaliwa na Suwarora, wakielekea Karagwe kwa Rumanyika. Nyumba za nchi hizi zilikuwa za mviringo, zilizoezekwa nyasi toka kileleni hata karibu na ardhi, ambazo kwa Kiswahili huitwa msonge. Fito zilisimamishwa kwa duara, zikainamishwa zikakutana juu, kisha zikafungwa kwa pete za matete, pete juu ya pete. Mtu aliyelala chali ndani ya msonge na kutazama juu aliona mistari itokayo kitovuni kama miali ya jua, na mizunguko iliyoikata mistari hiyo. Yaani, aliona umbo la utando wa buibui. Hatusemi kwamba wajenzi wale walijifunza kwa mdudu. Twasema tu kwamba wote wawili walikuta jibu moja la swali moja: jinsi ya kuziba mahali papana kwa vitu vyembamba ambavyo kila kimoja peke yake hakina nguvu.

Ndani ya msonge moto haukuzimika, na moshi ulipenya polepole katika nyasi. Bibi yetu, ambaye msonge wake tuliukuta ungali umesimama tulipokuwa wadogo, alikuwa akisema, "Atandaye vizuri hakai na moshi." Na kweli ndani ya nyumba ile tuliona masizi yaliyoning'inia, wala hatukuona duara. Watandao duara walikaa nje: katika ua wa minyaa, katikati ya migomba, na juu ya kahawa. Walikuwa majirani wa boma, si wakazi wa nyumba.

Nyumba za pembe nne ziliwaleta karibu. Wajerumani walijenga boma la Biharamulo mwanzoni mwa karne ya 20, lenye kuta nene. Wamisheni nao walijenga makanisa na shule zenye madirisha na baraza. Na watu, kidogo kidogo, wakaacha msonge wakajenga kwa miti na udongo. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini kabla ya mwisho wa 1976, na katika hama hiyo nyumba nyingi mpya zilipangwa kwa mstari kando ya barabara. Baadaye bati likashika nafasi ya nyasi. Sasa fikiri kwa akili ya buibui. Ukuta ulionyooka, nguzo ya baraza, na upenu uliotokeza nje humpa pembe tatu au nne za kufungia uzi, na kivuli, na mahali pasipofikiwa na mvua. Jiko nalo likatengwa na nyumba, moshi ukaondoka. Mlango ukafunguliwa kwa mgeni.

Twataja pia mwaka wa 1994, ambao hakuna mtu wa Ngara ausahauye. Tarehe 28 Aprili watu wa Rwanda wapatao 250,000 walianza kuvuka daraja la Rusumo, na katika muda wa siku moja tu kambi ya Benaco ikawa mji wa turubai. Miti na vichaka vya pande zile vilikatwa kwa nguzo na kuni, kwa kuwa mwenye dhiki hana budi kupika na kujikinga. Tulipita huko baadaye, na vilima vilikuwa vitupu. Ndipo tulipofahamu kwamba buibui atandaye duara hahitaji chakula tu. Ahitaji vitu viwili vilivyosimama na nafasi kati yake. Vilipokatwa, naye hakuwapo.

Badiliko la mwisho ni taa. Koroboi na chemli hazikuita wadudu wengi, karabai iliwaita, umeme umewaita kwa maelfu. Maporomoko ya Rusumo yaleyale, mahali ambapo Tanzania hupakana na Rwanda, sasa yana mitambo ya megawati 80 ambazo Rwanda, Burundi na Tanzania hugawana. Mji wa Vienna, Austria, una daraja la waendao kwa miguu lenye taa, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba buibui wa usiku wa daraja hilo huchagua kutanda penye mwanga, ambapo mawindo ni mengi. Mtu wa Biharamulo hana haja ya kusafiri kwenda Vienna. Na atazame taa ya duka saa mbili za usiku.

III. Namna ya kuwatambua

Buibui si mdudu wa jamii ya nzi au panzi. Mwili wake una sehemu mbili, si tatu. Ana miguu minane, wala hana mabawa wala papasi. Na katika buibui si wote watandao duara. Yule mpana, bapa, apitaye ukutani kwa kasi usiku hatandi wavu wowote. Huwinda kwa mbio. Yule mwenye miguu kama nywele, akaaye pembeni mwa dari, hutanda nyuzi zisizo na mpango. Hapa twataja watano tu wa ukoo wa duara, ambao mtu aweza kuwatambua bila kioo cha kukuzia. Wataalamu wamewapa majina ya Kilatini, nasi tumeyaacha yalivyo.

Wa kwanza ni Argiope. Jike lake ni kubwa, na tumbo lake lina mistari ya manjano, nyeupe na nyeusi. Hukaa mchana kutwa katikati ya utando, kichwa chini, amepanga miguu miwili miwili hata aonekane kana kwamba ana minne tu, mfano wa msalaba ulioinama. Mara nyingi kitovuni huongeza utepe mweupe uliopindapinda. Wengine husema utepe huo huvuta wadudu, wengine husema huwaonya ndege wasiupasue utando, ubishi haujakwisha. Ukimkaribia, huutikisa utando kwa nguvu mpaka macho yako yasimwone vema. Hana nia ya kukurukia. Anajificha kwa kutikisika.

Wa pili ni Neoscona, mwenye rangi ya udongo au ya gome, mnene, mwenye nywele fupi. Huyu ni mtu wa zamu ya usiku. Jua likizama hutoka katika jani lililokunjika au chini ya upenu, hutanda, huwinda, na mara nyingi kabla ya kucha huukusanya utando wake na kuula. Ndiyo sababu mwenye nyumba aona asubuhi pamekuwa safi, akadhani jana aliota ndoto.

Wa tatu ni Gasteracantha, mdogo, mgumu kama punje, mwenye miiba pembeni na rangi kali. Watoto humpenda kwa sababu aonekana kama kito. Katika nyuzi zake za nje huweka vishada vidogo vyeupe, kama mtu aliyefunga vitambaa kwenye kamba.

Wa nne ni Cyrtophora citricola, na huyu ndiye wa ua wa minyaa. Duara lake limelala kama sakafu, jicho lake ni dogo mno, na juu yake kuna nyuzi nyingi zilizotatana kama hema. Uzi wake haunati. Mdudu hugonga nyuzi za juu akaangukia sakafuni. Vifuko vya mayai huning'inia juu ya kitovu kama shanga. Hukaa wengi pamoja, utando ukishikana na utando, na katika mitando yao hukaa buibui wadogo wevi waitwao Argyrodes, walao kilichokamatwa na wengine. Aliyempa jina mwaka 1775 ni Peter Forsskål, lakini yeye mwenyewe hakukiona kitabu chake: alikuwa amekufa Yemen mwaka 1763 katika safari iliyotumwa na mfalme wa Denmark, na mwenzake Niebuhr ndiye aliyekichapisha.

Wa tano ndiye mwenye nyumba hasa: Nephilingis cruentata. Hutanda penye ukuta, chini ya upenu au kando ya dirisha. Kitovu cha utando wake hakiko katikati, bali juu, karibu na ukuta, na hapo hujenga mfereji wa hariri ambamo hushinda mchana. Usiku hutoka. Jike lina kifua ambacho upande wake wa chini ni wa rangi nyekundu, na jina la Kilatini lamaanisha aliyetiwa damu; ni jina alilopewa na Fabricius mwaka 1775. Huyu aonekana pia Brazil, na wataalamu wadhani kwamba alichukuliwa huko na watu kutoka Afrika. Hakuandikwa katika hesabu ya shehena yoyote, lakini mahali penye nyumba na taa alipata kwao.

Tungeweza kumtaja wa sita, Trichonephila, ambaye nyuzi zake ni za manjano kama dhahabu na utando wake huweza kupita mita moja. Lakini huyo ni wa vichaka na miti mikubwa kuliko wa nyumba. Mmoja wa jamii hii, sumptuosa, alielezwa na Mjerumani Gerstäcker mwaka 1873 katika wadudu waliokusanywa katika safari za Baron von der Decken, aliyeuawa kwenye mto Juba mwaka 1865.

IV. Jinsi atandavyo

Atakaye kumwona fundi kazini na akae barazani jua linapozama, mwisho wa masika, wakati wadudu ni wengi. Asishike taa kali karibu, wala asipulize pumzi.

Kwanza buibui hukaa mahali pa juu na kutoa uzi mwembamba, akauachia upepo. Uzi ukinasa ng'ambo, huukaza na kuupita, akiutia nguvu. Huo ndio daraja. Kisha hushuka kutoka katikati ya daraja mpaka chini, hata umbo la manati lionekane, na pale mikono mitatu ikutanapo ndipo patakapokuwa kitovu. Hapo huvuta miali, mmoja huku, mwingine kule, ili utando usilemee upande. Miali ikitimia, huzunguka kutoka kitovuni kwenda nje akiweka uzi wa muda, usionata, nao ni jukwaa la fundi. Mwisho hugeuka, akarudi kutoka nje kwenda ndani akiweka uzi unatao, na kila afikapo kwenye uzi wa muda huukata. Tuliposhika saa, kazi yote ilipata kama saa nzima, au pungufu.

Jambo lililotushangaza zaidi ni kwamba haangalii. Macho ya hawa ni dhaifu. Hupima kwa miguu. Wenye elimu wamelijaribu hilo mahali pa mbali kuliko baraza letu: mwaka 1973 Wamarekani walichukua buibui wawili, Arabella na Anita, katika chombo cha Skylab kizungukacho dunia, mahali ambapo vitu havianguki. Mitando ya kwanza ilikuwa ovyo. Lakini siku chache baadaye Arabella alitanda duara la kufaa. Shauri la jaribio hilo lilitoka kwa mwanafunzi wa shule, Judith Miles. Nasi huwaambia wanafunzi wetu jambo hilo kila mara wadhanipo kwamba swali la mtoto si elimu.

V. Kosa letu

Sasa twafika kwenye jambo tuliloahidi. Tulikuwa tukifundisha katika shule ya kijiji upande wa Biharamulo. Siku moja mvulana wa darasa la tatu alipiga kelele akashika paja. Baada ya muda kidogo alitoka jasho jingi, misuli ikakaza, akalia usiku kucha kwa maumivu. Wenzake walisema ameumwa na buibui, na mmoja akaonyesha ua wa shule, ambapo Argiope wakubwa wa manjano walikuwa wamekaa kwa safu. Hatukuuliza zaidi. Tuliwaona wakubwa, tuliona rangi yao, tukasema, "Ndio hao." Tulitoa mifagio, na kabla ya kengele ya saa sita haukubaki utando hata mmoja uani. Mtoto akapona. Tukawatangazia wazazi kwamba wauaji wameuawa.

Siku ya tisa msichana aliyeketi dawati lilelile aliumwa mahali palepale. Tulimchukua wenyewe kwa baiskeli mpaka zahanati. Mganga alimpa dawa ya maumivu, kisha akatugeukia akasema, "Mwalimu, huyo wa kwanza mlimwona mwenyewe akiuma?" Tukasema, "Hatukumwona." Akauliza, "Na dawati mmelipindua?" Tukanyamaza.

Tulirudi tukalipindua. Chini ya ubao, penye pembe, palikuwa na nyuzi zilizotatana bila duara wala mpango, ngumu kukatika, na ndani yake buibui mdogo wa rangi ya kahawia, tumbo mviringo kama tufe. Alipogeuka tuliona chini ya tumbo alama ya rangi ya chungwa, umbo la kipimio cha mchanga. Kando yake vifuko vya mayai vilikuwa na vijimiiba pande zote, kama tunda dogo la mbarika. Huyo ni Latrodectus geometricus. Hapendi vita; hukaa chini ya viti, katika vyoo, katika masanduku yasiyosogezwa, na huuma akibanwa. Sumu yake ni mara chache kuua, lakini huumiza sana, na aliyeumwa, mtoto hasa, apelekwe kwa mganga.

Mama wa msichana alikuja kesho yake. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, si mlituambia kwamba mmemwua?" Hatukuwa na jibu, wala hatuna mpaka leo, ila kusema kweli mbele ya darasa, nasi tuliisema.

Katika kusoma baadaye tuliona kwamba hatukuwa wa kwanza. Katika nchi ya Italia, pande za Taranto, kwa karne nyingi watu wa mashambani waliosemekana kuumwa na buibui walipigiwa ngoma wakacheza mpaka wachoke, ndiyo tiba yao. Lawama ilimwangukia buibui mkubwa wa ardhini, mwenye manyoya, aliyepewa jina la mji huo. Huyo hudhuru kidogo tu. Wengi waliochunguza mambo haya humshuku mwingine, mdogo, mweusi mwenye madoa, wa jamii ileile ya yule tuliyemkuta chini ya dawati. Mkubwa aonekanaye alihukumiwa. Mdogo aliyejificha akaachwa. Tofauti ni hii tu, kwamba Taranto walikosea kwa karne nyingi, sisi tulikosea kwa siku tisa. Lakini siku tisa zilitosha kumwumiza mtoto wa watu.

Basi kanuni yetu ni nyepesi. Tazama kwanza utando, kisha mwenyewe. Ukiona duara lenye miali, huyo ni wa ukoo wa watandao duara, na hapa kwetu hana sumu ya kumtisha mtu. Akishikwa na kufinywa aweza kuuma, kama siafu, na maumivu hupita. Ukiona nyuzi za ovyo, ngumu, mahali pa giza penye kuguswa na miili ya watu, na vifuko vyenye vijimiiba, usitie mkono. Hapo ndipo ufagio una haki.

VI. Faida yake na mpaka wa faida

Watu wamejaribu kumtumia fundi huyu. Mwaka 1709 Mfaransa Bon wa Montpellier alitengeneza soksi na glavu kwa hariri ya buibui. Naye Réaumur, aliyeagizwa kulichunguza jambo hilo, aliona kwamba buibui wakifungiwa pamoja hulana. Mwishoni mwa karne ya 19 padre Mfaransa Paul Camboué alijaribu tena Madagaska. Kisiwani humohumo kazi ilitimizwa katika siku zetu: Simon Peers na Nicholas Godley walipata nguo ya rangi ya dhahabu, isiyotiwa rangi, kutoka kwa buibui zaidi ya milioni moja, nayo ilionyeshwa New York mwaka 2009. Buibui walikamuliwa uzi, wakaachwa waende zao. Ni nguo ya ajabu, lakini hakuna atakayeinunua sokoni.

Faida ya nyumbani ni ndogo kuliko hiyo, na ya kila siku. Wazee waliweka utando juu ya jeraha dogo ili damu ishike. Hatushauri jambo hilo sasa, kwa kuwa utando una vumbi, na vumbi lina vijidudu. Faida iliyo salama ni ile aifanyayo mwenyewe: usiku kucha hukamata nzi, nondo na mbu.

Lakini tusivuke mpaka. Malaria imewaua watoto wengi katika mkoa wa Kagera, na mwaka 2007 kazi ya kupulizia dawa katika kuta za nyumba ilianzishwa Muleba. Dawa iuayo mbu ukutani aweza kufa nayo buibui pia, na wako waliotuuliza kama ni afadhali kuacha. Jibu letu ni hapana. Katika nchi za ziwa Viktoria yuko buibui mdogo arukaye, Evarcha culicivora, aliyepewa jina mwaka 2003, ambaye huchagua mbu walioshiba damu kuliko mawindo mengine. Hatandi duara, huwinda ukutani. Hata huyo si badala ya chandarua. Buibui ni jirani mwema, si mganga.

Twamaliza kwa ombi. Wasomaji walio Rulenge, Kabanga, Nyakahura, Nyakanazi na kando ya ziwa Burigi na watusaidie kukusanya majina. Mtu na aandike lugha, kijiji, mwezi, mahali alipomwona buibui, umbo la utando, na jina alilolipata kwa mzee. Apige picha ikiwa ana simu, asiue. Alfajiri yenye umande ndiyo saa njema, maana kila uzi huonekana; na panapokosa umande, maji machache yaliyorushwa kwa vidole yatatosha.

Sisi wenyewe tunaye mmoja wa kifua chekundu juu ya dirisha la chumba tuandikiamo. Kila Jumamosi nyumba hufagiliwa. Viti na madawati hupinduliwa, na pembe za chini huangaliwa kwa taa. Ufagio ukifika dirishani, mtoto afagiaye huuliza, "Na huyu?" Nasi humwuliza, "Ni nani?" Akimtaja kwa jina, huachwa.